Udongo wa mboji au haidroponiki: uchague kipi kwa nyanya, hoho na letusi zako

Nyanya ya kwenye udongo na nyanya ya haidroponiki, yaani inayokuzwa kwenye maji yenye virutubisho bila udongo, zinakula chakula kilekile, na hapo ndo watu wengi wanaanza kubishana bila sababu. Mzizi haujui kama naitrojeni imetoka kwenye samadi au kwenye mfuko wa mbolea ya chumvichumvi, wenyewe unachukua naitreti au amoniamu, yaani naitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji, basi. Tofauti ipo kwa anayekiandaa hicho chakula. Kwenye udongo wa mboji kazi hiyo inafanywa na bakteria, fangasi na minyoo, yaani we unawalisha hao alafu wao wanaulisha mmea. Kwenye haidroponiki viumbe hao hawapo au ni wachache mno kwahiyo we mwenyewe ndo unapima, unachanganya, unarekebisha, na ukikosea hakuna wa kukurekebishia. Ukilishika hilo mengine yote yanakuja yenyewe: maji, umeme, magonjwa, muda wako, hata ladha.

Niseme mapema nasimama wapi ili usisome mpaka mwisho ukitafuta. Kwa mtu anayeanza na ana hata kijisehemu kidogo cha kuweka mifuko au tuta, mi namwambia aanze na udongo kwa nyanya na hoho, na kama anataka haidroponiki basi ajaribu letusi kwanza. Ila kuna hali ambazo haidroponiki inashinda wazi kabisa, nitazieleza.

Tuanze na kitu kinachowavuta wengi, mavuno

Utasikia haidroponiki inazaa mara kumi zaidi. Hii habari ina historia ndefu. Miaka ya 1930 huko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, William Gericke alikuza nyanya kwenye matangi ya maji, zikapanda juu mpaka ikabidi atumie ngazi, na magazeti yakaandika kama vile kilimo cha udongo kimeisha. Chuo kikawapa kazi wenzake wawili, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wachunguze, na mwaka 1938 wakatoa majibu yao: udongo mzuri ukiwekwa kwenye mwanga na joto lilelile na nafasi ileile, mavuno hayapishani kwa maana yoyote kubwa. Kinachoweka kikomo ni mwanga. Mmea ukishapata maji na virutubisho vya kutosha, hata uongeze nini kwenye mizizi hautazidi kile ambacho jua linaruhusu.

Sasa mbona kuna takwimu za mara kumi? Zipo, na ni za kweli, ila soma zinalinganisha nini. Kuna utafiti wa mwaka 2015 kuhusu letusi kule Arizona, Marekani, walikadiria haidroponiki kwenye grinihausi inatoa kama kilo 41 kwa mita ya mraba kwa mwaka, wakati shamba la kawaida la udongo linatoa kama kilo 3.9. Lakini grinihausi inapanda mwaka mzima, mimea imebanana, joto linadhibitiwa, taa zipo. Shamba la wazi halina hivo vitu. Kwahiyo sehemu kubwa ya hiyo tofauti inatokana na grinihausi na kupanda mfululizo, na ukipeleka udongo mzuri ndani ya grinihausi hiyohiyo pengo linapungua sana.

Kitu ambacho haidroponiki inakupa kweli ni kasi kwa mboga za majani. Letusi ikishahamishwa kutoka kwenye kitalu cha miche unaweza kuivuna wiki ya 4 au ya 5, kwenye udongo mara nyingi unasubiri zaidi ya hapo kwasababu mzizi unatumia muda kutafuta chakula. Kwa anayeuza majani hizo wiki zina maana kubwa. Kwa nyanya ambayo inakaa miezi, faida hiyo inafifia.

Maji na umeme

Hapa ule utafiti wa Arizona unafundisha vizuri. Letusi ya haidroponiki ilitumia kama lita 20 za maji kwa kilo moja, ya shambani kama lita 250. Sababu ni rahisi, maji yanazunguka ndani ya mabomba na kurudi kwenye tangi, kinachopotea ni kile tu mmea ulichokunywa, wakati shambani mengine yanazama chini na mengine yanapaa na jua. Lakini nishati ilikuwa mara 82 zaidi kwa kila kilo, na nyingi ilikwenda kwenye kupasha na kupoza grinihausi, alafu taa na pampu. Kama unakuza nje kwa jua la kawaida hiyo namba haikuhusu yote, ila usijidanganye kwamba haidroponiki ni rafiki wa mazingira kwa kila upande. Unaokoa maji unalipa kwa umeme.

Udongo nao haulazimiki kunywa maji hivo. Weka matandazo ya nyasi kavu au majani unene wa sentimita 5 mpaka 10, mwagilia kwa matone chini ya matandazo badala ya kurusha maji juu, na udongo wenye mboji nyingi unashika maji kuliko mchanga mtupu, utaona tofauti kubwa. Hautafikia haidroponiki ila utakaribia zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Kazi ya kila siku, hapa ndo pa kuangalia kuliko pengine popote

Udongo unakula muda wako mwanzoni. Kutengeneza mboji nzuri sio kutupa maganda kwenye pipa na kusubiri. Unahitaji vitu vikavu vya kahawia na vibichi vya kijani, kaboni sehemu 25 mpaka 30 kwa naitrojeni sehemu 1, unyevu kama sponji iliyokamuliwa, na lundo liwe kubwa la kutosha kushika joto, mita moja kila upande ni mwanzo mzuri. Likifika nyuzi 55 na kuendelea na kubaki hapo siku kadhaa, huku ukiligeuza ili la nje liingie ndani, mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa vinakufa. Alafu unaliacha lipoe na likomae. Mboji ambayo bado ina moto au inanuka amonia inaunguza miche, isubiri.

Na samadi mbichi usiweke karibu na mboga inayoliwa mbichi. Kanuni za oganiki za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kama haigusi, ni kipimo kizuri cha kufuata popote ulipo. Kingine ambacho hakisemwi vya kutosha: kuna viuagugu vya malishoni kama aminopyralid ambavyo mnyama akila nyasi vinapita tumboni bila kuharibika, vinabaki kwenye samadi na hata kwenye mboji, na nyanya zako zinaanza kujikunja majani mapya. Kabla ya kutumia samadi usiyoijua ilikotoka panda mbegu za maharage kwenye kopo lenye samadi hiyo iliyochanganywa na udongo na nyingine kwenye udongo peke yake, subiri wiki 2 au 3, majani yakitoka yamekunjamana achana nayo.

Baada ya hapo udongo unakuachia nafasi. Ukiwa umeuandaa vizuri, pH (kipimo cha uchachu) kati ya 6.0 na 6.8, kazi inabaki kumwagilia, kufunga kamba, kupunguza vichipukizi, kuongeza mboji kidogo juu kila baada ya wiki kadhaa. Ukisafiri siku mbili, ukiwa umemwagilia vizuri na matandazo yapo, utakuta mmea mzima. Udongo ni ghala, chembe za mfinyanzi na mboji zinashikilia kalsiamu, potasiamu na magnesiamu na kuachia polepole, ukizidisha kidogo zinapunguza makali, ukisahau kidogo zinafidia.

Maji hayana hiyo huruma. Kwenye haidroponiki pH inatakiwa ikae 5.5 mpaka 6.5 na itacheza yenyewe kila siku, mmea ukinyonya naitreti kwa wingi pH inapanda, ukinyonya amoniamu inashuka. Ikipita juu madini ya chuma yanaanza kuganda na majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani, unaongeza mbolea na hali haibadiliki kwasababu chuma kipo ila mzizi haukipati. Alafu kuna EC, kipimo cha chumvi zote zilizoyeyuka. Letusi inataka kama 0.8 mpaka 1.4 milisimensi kwa sentimita, nyanya inayozaa inataka 2.0 mpaka 3.5, kwahiyo hizi mbili hazikai tangi moja zikafurahi zote. Siku ya jua kali mmea unakunywa maji haraka kuliko unavyokula chumvi, tangi linapungua na EC inapanda, hapo unaongeza maji matupu. Siku ya mawingu inaweza kwenda kinyume. Nyanya iliyokua kikamilifu inaweza kunywa lita 2 mpaka 3 kwa siku ya joto, sasa kama una mimea mingi na tangi dogo utakuwa unalitembelea asubuhi na jioni. Tangi kubwa linatuliza haya yote, ukiweza kuongeza kitu kimoja tu ongeza ukubwa wa tangi.

Kwenye kuchanganya mbolea kuna sheria moja usiivunje. Naitreti ya kalsiamu usiichanganye na salfeti ya magnesiamu au fosfeti zikiwa nzito, zitaganda kuwa unga mweupe chini ya ndoo na mmea haupati chochote humo. Ndo maana mbolea hizi zinakuja A na B, unayeyusha A kwenye maji mengi kwanza, unakoroga, ndo unaweka B. Na ukishusha pH kwa tindikali, unamimina tindikali kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye tindikali, na vaa glavu na miwani.

Mtu anayependa vipimo atafurahia haya yote, kuna watu kweli wanaona raha kushika kipimo kila asubuhi na kuandika namba. Mtu anayetaka kupanda na kwenda kazini kutwa nzima ajiulize vizuri.

Umeme ukikatika

Hapa aina ya haidroponiki ina maana. Kwenye mfumo wa mabomba ambapo maji yanapita kama utando mwembamba chini ya mizizi, pampu ikisimama mchana wa joto mimea inaanza kunyauka ndani ya saa chache. Kwenye ndoo yenye mizizi iliyozama na pampu ya hewa una muda kidogo zaidi, ila maji yakiwa ya moto oksijeni inaisha haraka. Maji ya nyuzi 20 yanashika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanashika kama 7.5, na mizizi kwenye joto inahitaji oksijeni zaidi, kwahiyo unabanwa pande zote mbili. Maji yanatakiwa yakae kati ya nyuzi 18 na 22. Sehemu ya joto hili ni gumu kuliko yote, paka tangi rangi nyeupe, lizike ardhini nusu, lifunike, maana mwanga ukiingia mwani nao unaota.

Ila kuna njia isiyotumia umeme kabisa, inaitwa mbinu ya Kratky, kutoka kwa Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Unajaza chombo maji yenye virutubisho, mche unakaa kwenye kikombe chenye matundu juu ya kifuniko, chini ya kikombe kinagusa maji. Mmea unavyokunywa maji yanashuka, mizizi ya juu inabaki kwenye hewa yenye unyevu na ndo inayovuta oksijeni, ya chini inakunywa. Kwa letusi chombo cha lita 4 hivi kinaipeleka mpaka kuvuna bila kuongeza kitu. Usikijaze tena mpaka juu, mizizi ya hewa itazama na mmea utakufa na maji kibao. Kwa nyanya mbinu hii inahangaisha, inakunywa mno.

Udongo, umeme ukikatika, haujui.

Magonjwa na wadudu

Kama udongo wako una mnyauko bakteria au minyoo fundo, hapa haidroponiki inashinda na mi sitakubembeleza ubaki kwenye udongo. Mnyauko bakteria unakaa ardhini miaka, nyanya inanyauka ikiwa bado ya kijani, ukikata shina na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji safi unaona uzi wa maziwa unashuka. Hakuna dawa ya kuuponya mmea ukishaugua. Minyoo fundo nayo inaweka vinundu kwenye mizizi na mmea unadumaa. Unaweza kutandika nailoni angavu juu ya udongo wenye unyevu kwa wiki 4 mpaka 6 za jua kali na kupunguza sana minyoo hiyo, unaweza kubadilisha mazao, lakini mnyauko ni mkaidi. Kuhamia kwenye mifuko yenye udongo safi au kwenye maji ndo njia ya uhakika zaidi.

Ila haidroponiki ina ugonjwa wake, kuoza mizizi, unaoletwa na kijidudu kinachoitwa Pythium, mizizi inageuka kahawia, inateleza, inanuka, na ukivuta ganda la nje linatoka unabaki na uzi. Unapenda maji ya moto yasiyo na oksijeni. Na kwasababu maji ni yaleyale yanayozunguka, mmea mmoja ukiugua unawagawia wote. Kwenye udongo wenye uhai kuna fangasi na bakteria wengine wanaogombania chakula na nafasi na vijidudu vibaya, kwenye maji uwanja ni mtupu, anayeingia wa kwanza anatawala. Usafi wa tangi na mabomba kati ya msimu na msimu ni lazima.

Vidukari, inzi weupe, utitiri na kantangaze wao hawaulizi mizizi iko wapi, watakuja kotekote. Na kuoza kitako cha nyanya, lile doa jeusi chini, kunatokea kwenye mifumo yote miwili, mara nyingi kalsiamu ipo ila haifiki kwenye tunda kwasababu maji yanakuja kwa kushtukiza, leo mengi kesho hakuna, au chumvi zimezidi.

Ladha

Wengi wanaapa nyanya ya udongo ni tamu zaidi. Mi naona aina ya mbegu, jua, na kuacha tunda liive kwenye mti vinachangia kuliko udongo au maji. Mkulima wa haidroponiki anaweza hata kuongeza utamu kwa makusudi, anapandisha EC wakati matunda yanaiva, mmea unapata maji kwa shida kidogo na tunda linakuwa dogo lakini sukari imekolea. Letusi ya maji ni laini na safi, haina mchanga kwenye meno, wapo wanaosema haina ukali wa ile ya udongo na sitabishana nao. Linganisha mbegu moja pande zote mbili ndo uamue.

Kuhusu kuitwa oganiki, sheria hazifanani. Umoja wa Ulaya unataka zao la oganiki liote kwenye udongo hai. Marekani mwaka 2017 bodi yao ya viwango vya oganiki ilipiga kura kuhusu kuizuia haidroponiki, pendekezo likaanguka kwa kura 8 dhidi ya 7, kwahiyo kule inaweza kupata cheti ikitumia virutubisho vinavyokubalika. Kama unalenga kuuza kwa jina hilo fuatilia kanuni za soko lako kwanza kabla hujanunua hata bomba moja. Na kumimina chai ya samadi, yaani maji yaliyolowekwa samadi, kwenye mfumo wa mabomba ukidhani umepata haidroponiki ya oganiki ni kutafuta harufu na kuziba kwa pampu, naitrojeni ya kwenye mabaki inahitaji bakteria waivunje kwanza na tangi lako halina makazi yao.

Kuna njia ya katikati

Watu wanalisahau hili na kwangu ndo zuri kwa hoho na nyanya pale ambapo udongo umeharibika: mifuko ya kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, na maji ya virutubisho kwa matone. Kokopiti inashika maji na hewa kwa pamoja, umeme ukikatika una saa nyingi za kujipanga, na ugonjwa wa mfuko mmoja hausambai kirahisi kama maji hayarudishwi kwenye tangi. Hakikisha imeoshwa chumvi na imelowekwa kwenye naitreti ya kalsiamu kabla, maana kokopiti mbichi inanyakua kalsiamu na kuachia potasiamu na sodiamu. Maji yanayotoka chini ya mifuko yasiende mtoni wala kisimani, yamwagie miti au bustani nyingine, naitreti na fosfeti zikifika kwenye maji ya wazi zinalisha mwani.

Kwahiyo unachagua vipi

Karoti, viazi, vitunguu, maboga, nenda udongo bila kufikiria mara mbili. Letusi, spinachi, mimea ya viungo ya majani kama giligilani, na una nafasi finyu, maji ya shida, na upo nyumbani kuangalia, haidroponiki itakulipa. Nyanya na hoho kwenye udongo usio na ugonjwa, baki kwenye udongo, mfuko usiwe chini ya lita 20 kwa mmea, na peleka juhudi zako kwenye mboji. Udongo wenye mnyauko, kokopiti. Maji yako yakiwa na chumvi nyingi tangu yanatoka bombani, pima EC yake kabla ya kuota ndoto za mabomba, kama yanaanza na 1.0 hivi hauna nafasi ya kuweka mbolea ya letusi.

Na kama bado roho inavutwa na maji, chukua chombo kimoja cha lita 4, kipake rangi isiyopitisha mwanga, weka mche mmoja wa letusi kwa mbinu ya Kratky, na siku hiyohiyo panda mwenzake wa mbegu hiyohiyo kwenye mfuko wa udongo wenye mboji pembeni yake, jua lilelile. Ukifika muda wa kuvuna utakuwa na majibu ya kwako kuhusu kasi, kazi na ladha, na hautakuwa umenunua pampu yoyote.